Sikio Lililoisikia Dawa

Sikio la kufa halisikii dawa, walisema wahenga. Hapa kwetu Shinyanga methali hiyo hutupiwa mtoto mtukutu aliyekanywa asikanyike. Lakini, ndugu msomaji, ipo historia nyingine ambayo wahenga hawakuiwaza. Ni historia ya masikio yaliyoisikia dawa kupita kiasi, mengine yakaisikia kabla mwenye nayo hajazaliwa, na yakazimika kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo ninayotaka kuisimulia leo, kwa sababu inatuhusu sisi wa ukanda huu wa dhahabu, kuanzia Kahama mpaka Geita, kuliko tunavyodhani.

Mimi si daktari. Nimemaliza kidato cha nne, basi, na ninachokitafuta maishani ni riwaya. Ninayo moja ninaiandika, ya kijana wa Katoro aitwaye Masanja, aliyezaliwa njiti, yaani kabla ya siku zake kutimia, akakua hasikii. Sasa mwandishi hawezi kumfanya mtu kiziwi hivi hivi tu, kama anayezima taa. Lazima ajue taa ilizimwa na nini. Kwa hiyo nikaanza kuuliza watu: mtoto kama Masanja, masikio yake yangeharibiwa na kitu gani?

Majibu hayakukosekana. Mama mmoja muuza uji akaniambia: "Kwinini hiyo. Mama yake aliimeza akiwa mjamzito." Fundi wa karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, akasema ni zebaki. Mzee mmoja jirani yetu akasema ni sindano za strepto, zile za kifua kikuu. Mwingine akashusha sauti na kusema ni mkono wa mtu. Kila mmoja alisema kwa uhakika wa mtu aliyekuwapo. Nilipouliza, "Mmejuaje?" wakanitazama kama mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile.

Basi nikaingia maktaba ya mkoa, nikasoma nilichoweza kusoma, nikamwendea na mama mmoja muuguzi mstaafu ambaye mtaani wote tunamwita mayu, kama Wasukuma wanavyomwita mama. Haya ndiyo niliyoyapata.

KENGELE ZA KWININI

Tuanze na kwinini, maana ndiyo yenye jina baya kuliko zote.

Kwinini hutoka kwenye magome ya mti wa sinkona, ambao asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, ndio waliofaulu kuitenga dawa yenyewe kutoka kwenye magome. Wajerumani walipotutawala waliipanda miti hiyo Usambara, kwenye kituo chao cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia njia ya bahari, wakaanza kujitengenezea kwinini yao papa hapa Tanganyika. Mambo yalipozidi kuwa magumu, majeshi ya Lettow-Vorbeck yakawa yanakunywa maji ya magome yaliyochemshwa, machungu kama shubiri, wakayapa jina la utani la Lettow-Schnaps, yaani pombe kali ya Lettow.

Yeyote aliyewahi kumeza kwinini atakwambia habari ya kengele. Masikio huvuma, huimba, na sauti za watu huja kama zinatoka chini ya maji. Kwa mtu mzima aliyepewa kipimo cha kawaida, mara nyingi hali hiyo hupita dawa ikiisha mwilini. Lakini je, mtoto aliyeko tumboni?

Kwa miaka mingi madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma ni ukuta: mama akinywa kitu, mtoto yuko salama nyuma yake. Mwaka 1934 daktari mmoja wa masikio huko Florida, Marekani, aitwaye H. Marshall Taylor, aliandika makala akiuliza kama dawa anazopewa mama mjamzito, kwinini ikiwa mojawapo, zaweza kuwa chanzo cha uziwi wa mtoto mchanga. Mwaka 1934, ndugu msomaji! Dunia iliamka kweli kweli baadaye sana, baada ya thalidomide. Dawa hiyo ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa mwaka 1961, ikiwa imeacha maelfu ya watoto wenye viungo pungufu. Wengi tunakumbushwa habari za mikono na miguu ya watoto wale. Wachache wanajua kwamba wengine walizaliwa bila masikio, au na masikio yasiyosikia.

Sasa hapa lazima tuwe makini, maana ndipo maneno ya mtaani yanapoteleza. Visa vya watoto viziwi vilivyohusishwa na kwinini vilitokea zaidi pale mama alipomeza kiasi kikubwa mno, na katika nchi nyingi wanawake waliimeza hivyo wakitaka kuitoa mimba. Kwinini iliyotolewa kwa kipimo cha kutibu malaria haijaonyeshwa kufanya hivyo. Malaria yenyewe, kwa upande wake, haina huruma: vijidudu vyake hujificha kwenye kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula, akazaliwa mdogo au kabla ya wakati. Na kama tutakavyoona, kuzaliwa kabla ya wakati ni hatari kwa sikio. Kwa hiyo mama anayeikimbia dawa akabaki na malaria yake ameruka majivu, akakanyaga moto.

Nani alimwambia mama huyo akimbie? Ni yule yule aliyenijibu mimi kwa uhakika pale kwenye uji.

Nchi yetu nayo imebadilisha dawa mara kadhaa. Mwaka 2001 tuliachana na klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, ikaingia SP, na kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto, ALu. Kwa malaria kali kwinini ilibaki kwenye dripu mpaka utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, kwa watoto 5,425, ulipoonyesha kwamba sindano ya artesunate inaokoa watoto wengi zaidi. Kwa mama mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza, kwinini iliendelea kuwa dawa ya kupendekezwa mpaka Novemba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipokubali ALu itumike badala yake. Maana yake ni nini? Maana yake kengele za kwinini ziliwalilia mama wajawazito kwa zaidi ya miaka mia moja, na zimenyamaza juzi tu.

SINDANO ZA MIEZI MIWILI

Mzee jirani yetu hakukosea kuitaja strepto. Kati ya dawa zote nilizotajiwa, hii ndiyo yenye kesi nzito.

Streptomaisini iligunduliwa Oktoba 1943 na kijana aitwaye Albert Schatz, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani. Ilikuwa dawa ya kwanza iliyoweza kupambana na kifua kikuu. Mwaka 1948 Waingereza walichapisha majaribio yaliyothibitisha nguvu yake, na mwaka 1952 Waksman alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini tangu siku za mwanzo madaktari waliona wagonjwa wanapepesuka kama walevi, wengine wanapoteza usikivu. Wakaibadilisha kidogo, wakatengeneza ndugu yake, dihaidrostreptomaisini, wakitumaini kwamba itakuwa mpole. Kumbe huyo ndugu alikuwa mbaya zaidi kwa masikio, tena alikuwa akichelewa kuonyesha ubaya wake. Ikabidi aachwe.

Kinachoharibika ni nini? Ndani ya sikio kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, kiitwacho koklea. Humo mna seli zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo hivyo hutikisika kama mtama shambani upepo ukipita, na habari hiyo hupelekwa kwenye ubongo. Dawa za ukoo wa streptomaisini huingia kwenye seli hizo na kuziua. Na seli hizo, kwa binadamu, zikifa hazioti tena. Hapa hakuna kupalilia.

Dawa hiyo huvuka kondo la nyuma. Watoto waliozaliwa na mama waliochomwa strepto wakiwa wajawazito walichunguzwa katika nchi mbalimbali kuanzia miaka ya 1950, na baadhi yao wakakutwa na hitilafu: wengine wamepoteza sauti nyembamba za juu tu, wengine zaidi ya hapo. Si wote, wala si wengi wao. Lakini ilitosha kuwekwa sheria kwamba mama mjamzito asichomwe strepto.

Sasa tulete habari hiyo nyumbani. Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, ikisaidiwa na mtaalamu Karel Styblo, na dunia nzima ikaja kujifunza kwetu. Wagonjwa wapya wenye vijidudu kwenye makohozi walipewa dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, na mojawapo ilikuwa sindano ya streptomaisini kila siku. Mpango huo uliokoa watu wengi mno. Asiyelikiri hilo hajawahi kuuguza mtu wa kifua kikuu. Baadaye sindano hiyo ilibadilishwa kwa vidonge vya ethambutoli kwa wagonjwa wapya, ikabaki kwa wale ambao ugonjwa umewarudia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likasema hata hao wasitibiwe tena kwa mtindo huo.

Na ukanda wetu ni wa kifua kikuu. Vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, na silika ikishalichakaza pafu, kifua kikuu hupata nyumba. Baba anashuka kwenye duara, anapanda na vumbi, anakohoa usiku chumba kimoja na mkewe. Mke akiambukizwa, naye huenda kituoni.

Nilimwuliza mayu jambo hili. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja tena na daftari lako?"

"Nimekuja nalo. Nataka kujua, zamani mama mjamzito akiwa na TB mlikuwa mnamfanyaje?"

"Tulifundishwa strepto aachiwe. Apewe dawa zingine."

"Na mlimwachia?"

Akaendelea kuchambua kidogo. "Tuliyejua ana mimba, tulimwachia. Lakini mwanangu, mimba ya miezi miwili imeandikwa usoni? Mama anakuja amekonda, anakohoa damu, siku zake zimekatika kwa ugonjwa. Ukimwuliza, anasema hana kitu. Mwenyewe hajui. Mimi nitajuaje?"

"Na watoto wao? Mliwahi kuwapima masikio?"

"Kwa kitu gani?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Swali lake ndilo lililonifanya niache riwaya kwa muda nikaandika makala hii.

NJITI NA MIZANI

Turudi kwa Masanja wangu, maana yeye alizaliwa njiti.

Zamani watu walisema mtoto wa miezi saba hupona ila wa miezi minane hufa. Hilo si kweli. Kila wiki mtoto anayoiongeza tumboni humwongezea nguvu. Anayezaliwa kabla ya wiki 37 huitwa njiti, na mwaka 2020 peke yake watoto wa namna hiyo duniani walikadiriwa kuwa milioni 13.4. Mwili wake hajamaliza kuujenga, na sikio lake halikadhalika. Kati ya watoto wanaozaliwa salama, mmoja mpaka watatu katika kila 1,000 huwa na upungufu wa kudumu wa kusikia. Kati ya wale wanaolazwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu, ni wawili mpaka wanne katika kila 100. Hesabu hiyo ni kubwa.

Kwa nini? Njiti ana maadui wengi kwa mpigo. Anaweza kukosa hewa. Anaweza kupata manjano makali yanayopanda mpaka kwenye ubongo na neva ya sikio. Anaweza kupata maambukizi ya damu, na maambukizi hayo humwua upesi. Dawa inayookoa maisha yake hapo, pamoja na ampisilini, ni jentamaisini. Nayo, ndugu msomaji, ni ya ukoo ule ule wa streptomaisini! Iligunduliwa mwaka 1963. Ni rahisi, inapatikana, inafanya kazi, na vitabu vya Shirika la Afya Duniani vinaiagiza.

Figo za njiti ni changa. Dawa haitoki upesi mwilini mwake, inajikusanya. Ndiyo maana kipimo chake hufuata uzito na umri: katika wiki ya kwanza, mtoto mwenye uzito mdogo hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, ilhali mwenye uzito wa kawaida hupewa 5. Mtoto wa kilo moja na nusu atapata miligramu 4 na nusu. Ukikosea mizani, umekosea sikio. Nimeona Katoro jinsi dhahabu inavyopimwa: watu watano wamezunguka mizani, hakuna anayepumua, chembe ikidondoka chini watu wanafagia sakafu. Njiti naye anastahili mizani ya namna hiyo.

Na hata mizani ikiwa sawa, wapo watu wachache ambao masikio yao ni mepesi kufa. Mwaka 1993 wanasayansi walieleza badiliko dogo la kinasaba linalorithiwa kwa upande wa mama, ambalo humfanya mtu apoteze usikivu hata kwa kiasi kidogo cha dawa za ukoo huu. Kwa hiyo ukisikia katika ukoo fulani shangazi wa upande wa mama, mjomba na binamu wamekuwa viziwi baada ya sindano, usikimbilie kumtafuta mchawi. Mwambie daktari kabla sindano nyingine haijachomwa.

Lakini ningekuwa mwongo kama ningezitaja dawa zinazodhuru nikanyamaza juu ya inayolinda. Mwaka 1972 huko Auckland, New Zealand, Liggins na Howie walionyesha kwamba mama anayekaribia kuzaa kabla ya wakati akichomwa dawa ya ukoo wa steroidi, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa katika nchi tano, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba deksamethasoni ilipunguza vifo vya watoto wachanga kutoka 23.5 mpaka 19.6 katika kila 100. Sasa sikiliza upande wa pili. Utafiti wa mwaka 2015, ambamo Kenya na Zambia zilikuwamo, uliisambaza dawa hiyo hiyo mpaka vijijini, na vifo vya watoto kwa jumla vikaongezeka. Wanawake wengi waliochomwa hawakuwa wanakaribia kuzaa njiti, na umri wa mimba haukujulikana vizuri. Katika ule wa 2020 mimba zilipimwa wiki zake kwa ultrasaundi. Dawa ile ile, mama wa namna ile ile. Kilichotofautisha ni kujua.

Na njia nyingine haina hata sindano. Ni ile ya kumfunga mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambamo Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano, ulionyesha kwamba njiti akianzwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa vifo hupungua kwa robo, na maambukizi hupungua pia. Maambukizi yakipungua, haja ya jentamaisini inapungua. Kifua cha mama kinalinda mpaka sikio.

WATUHUMIWA WA GEITA

Fundi wa karasha naye nimtendee haki. Mama wa Masanja, kama mama wengi wa Rwamagasa na Nyarugusu, angekuwa mwaloni, anaosha mchanga na kuushika kwa zebaki, kisha anaichoma jikoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine tumboni. Mvuke wa zebaki huvuka kondo la nyuma. Tangu mkasa wa Minamata, Japani, uliotangazwa mwaka 1956, dunia inajua kwamba zebaki iliyoingia kwenye samaki ilidhuru neva za watu, masikio yakiwamo, na kuwadhuru watoto tumboni. Umoja wa Mataifa ulileta mradi wake wa zebaki Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Jiko la kuchomea zebaki bado lipo.

Kwa hiyo mtoto mmoja wa Geita anaweza kuwa na malaria ya mama, kwinini ya mama, strepto ya mama, zebaki ya mama, kuzaliwa njiti, manjano, na jentamaisini. Saba! Halafu mtu anakaa kwenye kibao cha uji na kusema kwa uhakika kilichomharibu ni kipi. Na ukisikiliza vizuri, nyingi kati ya hizo saba zinaanza na mama. Mwisho wa mazungumzo mshtakiwa ni mmoja tu: yeye. Alikula nini, alimeza nini, alitembea wapi. Nimesikia ndoa zikivunjika kwa ushahidi wa namna hii.

NANI ALIANDIKA?

Kwa miezi minane nilifanya kazi ya daftari kwenye karasha. Kila kiroba cha mawe kilichoingia niliandika: cha nani, saa ngapi, kimetoka duara gani, kimetoa gramu ngapi. Hata marudio, yaani mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, yaliandikwa. Ukipoteza kiroba kimoja kwenye daftari, jioni kuna ugomvi. Sasa linganisha: mtoto amezaliwa na dawa tatu damuni, naye hana hata mstari.

Hili ndilo nililolipata baada ya kusoma na kuuliza kote. Historia ya dawa na masikio imeandikwa Florida, London na Auckland kwa sababu huko kulikuwa na mtu aliyeandika mama alipewa nini, na mtu mwingine aliyempima mtoto. Kwetu dawa zilikuja na zikaokoa, lakini mstari wa pili haukuandikwa. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, ya Buguruni ikafuata mwaka 1974, na hapa Shinyanga mjini tuna Buhangija, inayosomesha wasioona, viziwi na wenye ualbino pamoja. Mwaka 1998 Daktari Minja wa Muhimbili alichapisha utafiti wake kuhusu chanzo cha uziwi wa watoto wa Buguruni. Ni kazi ya heshima. Lakini mtoto akishafika darasani miaka imepita, na mtafiti hulazimika kumwomba mama akumbuke. Na mama atakumbuka nini? Kidonge cheupe. Sindano ya mfano wa maziwa.

Pasipo kuandikwa, uvumi ndio unaokuwa daktari. Na uvumi una madhara pande zote mbili. Unamfanya mama mmoja aache dawa ya malaria azae njiti, na unamfanya mwingine anunue sindano dukani bila kupimwa, kwa kuwa fulani ilimsaidia.

Swali la mayu, "kwa kitu gani?", lina jibu siku hizi. Mwaka 1978 David Kemp wa London aligundua kwamba sikio zima hurudisha mwangwi mdogo likisikia sauti. Kutokana na hilo vikatengenezwa vyombo vidogo vya kushikwa mkononi: unaweka kifaa kwenye sikio la mtoto aliyelala, dakika chache umepata jibu. Wataalamu wanasema mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, ajulikane tatizo lake kabla ya miezi mitatu, asaidiwe kabla ya sita. Muhimbili wameanza kupandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio tangu 2017. Na hata pasipo upasuaji, mtoto anayejulikana mapema anaweza kupewa lugha ya alama akiwa bado mdogo, akakua na maneno yake. Aliyechelewa kujulikana anaitwa mkaidi, anachapwa kwa kutoitika, na miaka ya lugha inapita haijamgusa.

Kwa hiyo, wewe kijana mwenzangu unayeandika mashairi nyuma ya daftari la hesabu, nina kazi ya kalamu ya kukupa. Dada yako, mkeo au shangazi yako akiwa mjamzito, ichukue kadi yake ya kliniki uisome. Kama mimba ni ya wiki ngapi haijaandikwa, mwambie aulize. Akipewa dawa, asiikimbie; aulize jina lake, nawe liandike, na tarehe, na kiasi, na siku ngapi. Akitibiwa kifua kikuu au malaria, aseme mapema kwamba ana mimba au huenda anayo. Akizaa njiti, dawa alizochomwa mtoto ziandikwe kwenye kadi ya mtoto. Mlango ukibamizwa, mtazame mtoto kama anashtuka. Akifika miezi sita, ukihesabu tangu siku aliyopaswa kuzaliwa, mwite kutoka pembeni asikokuona. Asipogeuka, usingoje. Mpelekeni hospitali ya mkoa, na ikibidi Bugando, na ile kadi mkononi.

Masanja wangu bado yuko ukurasa wa 41. Nimeamua mama yake asijue kilichotokea, maana katika miaka ile hakuna aliyemwandikia kitu. Lakini hiyo ni riwaya. Mtoto atakayezaliwa wiki hii Katoro, Kahama au Nyarugusu asiachiwe mtunzi wa riwaya amkisie.